Siku 21 uani: hesabu ya kazi ndogo za nyumbani Kalunguta

Mtu aliyeandikwa kuwa alikaribiana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21: anapimwa joto kila siku, anaulizwa hali yake, anaombwa asisafiri. Kuku naye hulalia mayai siku 21. Lenga-lenga (mchicha) iliyosiwa kwenye tuta lenye samadi, mahali penye joto la kutosha, huanza kuvunwa wiki ya tatu au ya nne. Hesabu hizi hazina undugu wowote wa kisayansi, zimelingana tu. Hata hivyo zinatupa kipimo kizuri cha kuuliza ni kazi gani ya nyumbani inayomfaa mtu asiyeweza kutoka, na ikampa hata raha kidogo. Maeneo yaliyolazimishwa kulijibu swali hilo kama ukanda wa Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na zone ya afya ya Kalunguta iliyo kati ya miji hiyo miwili, ni machache.

Sababu za kubaki nyumbani huko zimekuja zikirundikana. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Kalunguta ilikuwa miongoni mwa zone zilizoguswa. Kabla ugonjwa haujaisha, Machi 2020, shule za nchi nzima zikafungwa kwa sababu ya korona. Juu ya hayo kuna siku za mji mfu, yaani za mgomo wa wananchi, ambazo wakazi wa Butembo na Beni wanazijua vizuri: maduka yanafungwa, pikipiki hazionekani, kila mtu yuko kwake. Na tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika teritwari ya Beni yamewafanya wakulima wengi waogope mashamba ya mbali. Jambo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa mkulima wa sehemu hizi hukaa kijijini au kando ya barabara huku muhogo na maharage yake yakiwa kilimani au bondeni, mwendo mrefu kwa miguu. Anayezuiwa nyumbani amezuiwa pia asifike kwenye bugali (ugali) wake.

Kwa hiyo mazungumzo ya kazi za uani huko hayafanani na yale ya magazeti ya nchi tajiri, ambako mtu hupanda nyanya kwenye ndoo ili asahau ofisi. Lakini kosa la pili ni kuzichukulia kazi hizi kama kilimo kilichopunguzwa ukubwa, yaani shamba lile lile limeletwa karibu na mlango. Hoja yangu ni kwamba parseli, yaani kiwanja cha nyumbani, ina uchumi wake, na uchumi huo unaendeshwa na jicho. Anayebaki nyumbani ana vipande vya muda: dakika kumi asubuhi, robo saa kabla ya chakula, nusu saa jioni. Kufyeka kichaka au kulima nusu hekta hakuwezekani kwa vipande vya namna hiyo. Kuna kazi nyingine, hata hivyo, ambazo huharibika zisipotazamwa kila siku, na ambazo mtu wa shamba la mbali hawezi kuzifanya vizuri hata akiwa na nguvu za ng'ombe. Hizo ndizo za kuchagua.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka kwenye mgomba. Mnyauko unaoletwa na bakteria wa Xanthomonas ulianzia kwenye enset (mmea wa jamii ya mgomba) na migomba ya Ethiopia, ukaonekana Uganda na Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukaenea katika Kivu. Profesa Ndungo Vigheri, ambaye kazi yake imefungamana na Université Catholique du Graben ya Butembo, alikuwa miongoni mwa walioandika taarifa ya kisayansi ya mwaka 2006 iliyothibitisha kuwapo kwake Kongo. Ushauri wa kwanza kwa wakulima ulikuwa mkali: ng'oa shina zima pamoja na tunguu na machipukizi yote, katakata, zika. Kitaalamu ulikuwa na mantiki. Kwa mkulima ulimaanisha kutwa nzima ya jembe kwa mashina machache, na kisha kukaa zaidi ya mwaka bila mkungu. Wengi hawakuufuata, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Baadaye watafiti waliofanya majaribio Kivu Kusini na nchi jirani walipendekeza njia ndogo mno: kata usawa wa ardhi ule mgomba mmoja tu ulioonyesha dalili, uache wenzake wa shina lile lile, rudi tena kila wiki au kila baada ya wiki chache, ukate mwingine ukionekana. Njia hii inategemea ukweli kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya shina moja kwa pamoja. Ukikata mapema na mara kwa mara, kiasi cha ugonjwa kinapungua hadi bustani inarudi kuzaa. Mambo mengine mawili yanakamilisha kazi. Ua dume linaloning'inia chini ya mkungu linavunjwa kwa fimbo yenye panda mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, kwa sababu nyuki na wadudu wengine hubeba bakteria kutoka ua moja hadi jingine na kuwaacha kwenye kovu. Fimbo inatumika badala ya kisu kwa kuwa kisu hupeleka ugonjwa mti kwa mti. Na panga lililokata mgomba mgonjwa linapitishwa kwenye moto, au linachovywa kwenye dawa ya klorini, kabla ya kugusa mwingine. Hesabu jasho la kazi hiyo: ni dogo sana. Hesabu mara ambazo mtu anapaswa kupita chini ya migomba yake akiangalia majani: ni nyingi. Maarifa yalikuwa ya kutosha katika njia zote mbili. Ile ya kwanza ilidai siku nzima ambayo mkulima hakuwa nayo. Ya pili ilidai kutazama, na mtu wa nyumbani anaweza kutazama hata akiwa na mtoto mgongoni.

Lenga-lenga inafuata kanuni hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo zinachanganywa na mchanga mkavu au majivu yaliyochekechwa ili zisidondoke fungu moja, zinafunikwa kwa udongo mwepesi sana, kisha tuta linatandazwa majani makavu ya mgomba hadi miche ichomoze. Majivu ya jikoni yana kazi nyingine: udongo wa milima ya Butembo mara nyingi una asidi, nayo majivu huipunguza na kuongeza potasiamu. Kiasi kidogo kinatosha. Wanaomwaga ndoo nzima sehemu moja huunguza miche. Beni ina joto, iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Butembo iko juu zaidi, karibu mita 1,750. Tuta la Butembo linahitaji siku kadhaa za ziada kuliko la Beni, na Kalunguta iko kati ya joto hilo na baridi hiyo. Uamuzi wenye maana huja wakati wa kuvuna. Anayeng'oa mmea wote anapata fungu kubwa mara moja. Anayekata ncha kwa vidole na kuacha vifundo vya chini anapata fungu dogo tena na tena, kwa sababu mmea huchipua pembeni. Muuzaji anayebeba mafungu kwenda soko la Butembo ana haki ya kung'oa. Aliyefungiwa nyumbani akate ncha, maana tuta lake linakuwa sufuria ya kila jioni badala ya mauzo ya siku moja.

Raha ya kazi hii, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, iko katika urefu wa mzunguko wake. Muhogo unakaa ardhini miezi 9 au zaidi, mgomba mpya unapita mwaka. Mtu aliye chini ya ufuatiliaji wa siku 21, mwenye hofu ya homa kila asubuhi, hawezi kupata faraja kwa kitu cha mwakani. Tuta lililochomoza siku ya nne au ya tano linambadilikia mbele ya macho kabla hajaondolewa kwenye orodha. Mayai yaliyo chini ya kuku yana faraja ya namna hiyo: siku ya saba unaweza kuyaangalia gizani mbele ya mwanga wa tochi ya simu, ukatoa yasiyo na mishipa ya damu, ukayaacha yenye uhai. (Kuku na lenga-lenga hawapatani, wala hakuna utaalamu utakaowapatanisha. Mmoja lazima awekewe uzio, na kwa uzoefu wa nyua nyingi ni heri kuzungushia tuta kuliko kumfukuza kuku kutwa.)

Kati ya wanyama, anayestahili maelezo marefu ni kobayi, yule anayeitwa dende kwa watu wa Bukavu na simbilisi kwa Watanzania wa nyanda za juu. Asili yake ni milima ya Andes, ambako amefugwa kwa maelfu ya miaka. Katika Kivu amepata nafasi ambayo mbuzi na ng'ombe wameipoteza, kwa sababu mifugo mikubwa huonekana kutoka mbali na huporwa kwanza, huku kobayi akifichika jikoni na kubebeka kwenye kikapu. Mimba yake huchukua takriban siku 68, ambazo ni nyingi kwa mnyama mdogo kiasi hicho, lakini watoto wake, mara nyingi wawili au watatu, huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, na baada ya siku chache tu wanatafuna majani. Jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa. Anakula magugu ya uani, majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi. Na hapa jicho linarudi: kobayi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo lazima apate majani mabichi kila siku. Akilishwa pumba kavu peke yake, atadhoofika na kufa, na mfugaji atasema ni ugonjwa wa ajabu.

Ufugaji wa kawaida humwacha akimbie huru kwenye sakafu ya jikoni. Ni rahisi, na ndiko hasara inakotoka: panya na paka hula watoto, watu huwakanyaga, na dume mmoja hupanda dada zake na binti zake hadi kizazi kinakuwa kidogo na dhaifu. Banda la mbao au la mianzi lililoinuliwa kidogo kutoka chini, lenye dume mmoja kwa majike kadhaa, linatatua mengi. Tatizo la uzao linatatuliwa kwa kubadilishana madume na jirani kila baada ya vizazi vichache, jambo ambalo halihitaji fedha wala mradi. Kinachohitajika ni kukumbuka nani amezaliwa na nani, na watoto wa nyumbani kwa kawaida hukumbuka vizuri kuliko daftari.

Pingamizi la kwanza linakuja mara moja, na ni la haki: katika eneo lililopigwa na Ebola, ni busara gani kumlaza mnyama jikoni? Tutenganishe mambo. Janga la 2018 lilienea kutoka mtu hadi mtu, kwa kuuguza, kwa mazishi, na ndani ya vituo vya afya. Wanyama wa nyumbani hawakuwa njia yake. Lakini hilo halimsafishi kobayi kwa kila kitu. Viroboto ni tatizo la kweli, na Ituri, mkoa jirani, ni kati ya sehemu chache za dunia ambako tauni bado inaonekana. Nchini Peru, kobayi wanaofugwa ndani ya nyumba wamehusishwa na viroboto wanaoambukiza tauni. Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaupinga ufugaji wa sakafuni, halimpingi mnyama. Banda lililotengwa na mahali pa kulala, samadi inayoondolewa mara kwa mara na kupelekwa kwenye lundo la mboji, na ghala la maharage lisilofikiwa na panya vinapunguza hatari hiyo. Moshi wa jikoni, unaotajwa kuwa unamkinga na wadudu, unamdhuru mama zaidi kuliko unavyomsaidia kobayi.

Kuna kazi moja inayopendwa uani ambayo inanipa shida kuitetea kwa kipimo changu, nayo ni kukamua ndizi kwa ajili ya kasiksi, pombe ya ndizi. Kama mbinu ni nzuri ajabu. Ndizi za pombe huivishwa shimoni kwa majani na moshi kwa siku kadhaa, kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi ngumu hadi maji yatoke masafi bila kuongeza hata tone la maji. Ukijaribu hivyo kwa ndizi za kupika utabaki na uji. Tofauti inatokana na tanini: ndizi za pombe zinazo kwa wingi, nazo hushikana na protini wakati wa kukanda, tope linaganda na maji yanaachia. Mtama au ulezi uliokaangwa na kusagwa huingizwa, na baada ya siku moja hadi tatu kinywaji kiko tayari. Kuivisha kunahitaji kutazama, na hapo kipimo kinatimia. Kukamua, hata hivyo, ni kazi ya nguvu ya mkupuo mmoja, inayoita majirani, na kunywa kunaita wengi zaidi kwenye kibuyu kimoja. Wakati wa ufuatiliaji wa Ebola hiyo ingekuwa kinyume cha lengo zima. Juisi inayonywewa kabla haijachacha, ndani ya familia, katika vikombe tofauti, ni jambo jingine. Ila watu wachache hukamua kwa ajili ya juisi tu, na si vizuri kujidanganya.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo. Mchumi atasema lenga-lenga na kobayi haviwezi kuiondolea familia njaa, na anasema kweli. Fungu la mboga lina kalori chache sana. Ndiyo maana wakati wa janga Mpango wa Chakula Duniani, unaoitwa PAM huko, uligawa chakula kwa wagonjwa na kwa watu waliokuwa wakifuatiliwa, ili njaa isiwalazimishe kutoka. Nchini Bangladesh, ambako Helen Keller International imeendesha mipango ya bustani za nyumbani tangu miaka ya 1990, familia zilikula mboga na mayai kwa wingi zaidi, lakini tathmini nyingi za mipango ya aina hii hazikuonyesha mabadiliko makubwa katika urefu na uzito wa watoto. Naukubali ushahidi huo wote. Ila tuangalie mgao wa PAM kwa kawaida una nini: unga au nafaka, kunde, mafuta, chumvi. Ni bugali na maharage. Majani mabichi hayasafirishiki kwenye gunia la msaada, wala nyama mbichi. Ua unajaza mahali ambapo lori haliwezi kujaza, na lori linajaza pale ambapo ua hauwezi. Anayeuomba ua utoe bugali ameupa kazi ya shamba. Atashindwa, kisha atasema bustani za nyumbani ni porojo. Hata kihamba cha Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinachotajwa kila mara kama mfano, ni shamba kamili lenye mifereji ya maji na ng'ombe wa ndani. Kukilinganisha na parseli ya kando ya barabara ya Beni ni kuidhulumu parseli.

Wengine watauliza faida ya kupanda mahali ambapo watu huenda wakalazimika kukimbia usiku. Kwa mtazamo wangu hatari hiyo inaiunga mkono hoja ya mzunguko mfupi. Anayekimbia na kuacha tuta la wiki tatu amepoteza wiki tatu. Anayeacha ekari ya muhogo unaokaribia kuvunwa amepoteza mwaka, ingawa muhogo una fadhila moja ambayo mboga haina: hungoja ardhini, na mwenyewe akirudi baada ya miezi huenda akaukuta. Mbegu za lenga-lenga za msimu mzima zinaingia kwenye fundo la kitenge. Kobayi wawili wanaingia kwenye kikapu. Migomba haibebeki, na ndiyo mali inayouma zaidi kuiacha, kwa kuwa bila jicho la kila wiki mnyauko unarudi.

Pingamizi la mwisho halitolewi na wachumi, nami naliona gumu kuliko yote. Nimesema kazi za uani huendeshwa na vipande vya muda na kutazama kila siku. Vipande hivyo ni vya nani? Mara nyingi ni vya mama na watoto, ambao tayari wanachota maji, wanapika na kufua. Wakati wa siku za mji mfu au za ufuatiliaji baba naye yupo, lakini kuwapo kwake hakumfanyi aone kwamba tuta limekauka. Kumwomba asaidie hakutoshi, maana msaidizi husubiri kuitwa. Njia yenye nafasi ya kufaulu ni kumwachia kazi nzima yenye mwanzo na mwisho, na migomba inafaa kuliko nyingine, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu ndizi za pombe ni mali ya mwanamume na hasara yake ataihisi mwenyewe: fimbo ya panda, panga lililopitishwa motoni, duru moja ya kutazama kila wiki. Kobayi wabaki kwa wanaowalisha, pamoja na fedha zao wanapouzwa. Fedha hizo zikianza kuchukuliwa na mtu mwingine, watoto wataacha kuleta majani, na banda lisiloletewa majani mabichi kila siku halitadumu.